Sauti ya bibi kwenye kompyuta kuukuu: kodeki, draiva na pembe ya vugo

Jumamosi iliyopita, muda mfupi baada ya alasiri, punda alisimama mbele ya duka langu hapa Langoni, Lamu, na kompyuta ya shangazi imo ndani ya shogi. Upande mmoja mashine yenyewe, imezungushiwa leso mbili. Upande wa pili kioo, na chini yake mfuko wa waya na spika. Kijana mwenye punda alikuwa na ujumbe wa mdomo, akautoa vilevile alivyopewa: "Shangazi yako asema utengeneze, usimwambie anunue nyingine."

Sikuwa na nia hiyo. Mashine ile naijua tangu siku niliyoivusha kwa mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, nikiwa nimeikumbatia mapajani ili maji ya chumvi yasiirukie. Niliinunua Mombasa, ya mtumba: Pentium 4, RAM ya MB 512, diski ya GB 40, Windows XP. Shangazi huandikia barua za chama chao cha kina mama na kuwekea hesabu za mchango, na kwa kazi hiyo haijapungukiwa na kitu. Kilichoiletea safari ni flashi ndogo nyekundu iliyofungwa kwenye pindo la leso.

Ndani ya flashi ile mlikuwa na sauti ya bibi.

Bibi yangu, mama yake shangazi na marehemu baba, alikuwa mwimbaji wa harusini. Baba alikuwa akimrekodi kwa redio kaseti, miaka ya themanini, na kanda alizoacha ni 11, za dakika 60 kila moja. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alizichukua alipokwenda kufanya kazi Muscat kwa sababu huko alipata deki ya kaseti iliyo nzima na mtu wa kumwelekeza. Alizihamisha moja moja, akazibana, akazitia kwenye flashi na kumpa mtu anayerudi. Shangazi alingoja miezi. Flashi ilipofika akaichomeka, akabofya, na kompyuta ikamjibu kwamba haiwezi kucheza faili hili. Akamwita kijana wa jirani. Kijana akajaribu mbili tatu, kisha akamwambia: "Mama, hizi zimekufa."

Naandika haya kwa ajili ya neno hilo. Nimelisikia dukani mara nyingi mno, na kila ninapolisikia kuna mtu ambaye keshafuta au yu karibu kufuta kitu ambacho hakirudi. Faili linapokataa kucheza kwenye kompyuta ya zamani, mara nyingi sana faili ni zima kabisa. Kilichokosekana ni kodeki.

Sauti ikihifadhiwa yote, bila kubanwa, kwa kiwango cha sidii, kila sekunde inapimwa mara 44,100, na kila kipimo ni biti 16, kushoto na kulia. Kanda ya saa moja inakula megabaiti 635 hivi. Kanda 11 ni gigabaiti 7. Ndiyo maana watu hubana. Kodeki ni kipande cha programu kinachojua njia moja maalumu ya kubana sauti na kuifungua tena. Aliyebana kwa njia fulani, lazima anayesikiliza awe na kifunguzi cha njia hiyohiyo. Sheikh Ahmed Nabhany, mtu wa huku kwetu, ndiye aliyetupa neno runinga. Natamani angetupa na la kodeki, kwa maana ni kitu tunachokitumia kutwa bila kukijua jina.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Inajua WAV, inajua MP3, inajua WMA. Binamu alibana kwa Opus, njia iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi Septemba 2012. Sasa mashine ya 2001 itaijuaje njia iliyozaliwa miaka 11 baadaye? Na Opus si kitu cha ajabu: vile visauti mnavyotumiana kwenye WhatsApp ni Opus. Simu yako yaifungua bila kukuuliza, na ndiyo maana mtu akihamisha kisauti kwenda kompyuta ya zamani hushangaa kwamba hakilii.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama mafaili yenyewe. Mawili yalikuwa yameandikwa .mp3 mwishoni na mengine tisa .opus. Nikajua kijana alibadilisha jina akitumaini mashine itadanganyika. Kubadilisha jina ni kubandika karatasi ya sukari kwenye mkebe wa chumvi. Kilichomo ndani hakigeuki. Kuna njia rahisi ya kujua kilichomo, nayo haihitaji intaneti wala programu ya ziada. Fungua faili kwa Notepad. Utaona takataka tupu, herufi zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa pana maneno machache yanayosomeka. RIFF, hiyo ni WAV. fLaC, ni FLAC. ID3, aghalabu ni MP3. OggS ikifuatiwa mbele kidogo na OpusHead, hiyo ni Opus. Yale mawili yalioandikwa .mp3 yalianza na OggS, OpusHead. Nikayarudishia jina lao.

Palikuwa na faili la kumi na mbili, dogo, kilobaiti 280 hivi, lisilo na jina la kueleweka. Notepad ikaonyesha #!AMR. AMR ni njia ya simu za zamani za vibonyezo: inapima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, inatosha kwa maneno ya mtu na si zaidi. Dakika tatu. Nikaliweka kando kwanza.

Hapo ningeweza kukimbilia kusakinisha kodeki, na ningepoteza saa nzima. Nimejifunza kwa uchungu kwamba kabla ya kuilaumu kodeki, hakikisha kompyuta inalia. Ndani ya folda ya C:\WINDOWS\Media mna visauti vya Windows yenyewe, ding.wav, chimes.wav, tada.wav. Hivyo havihitaji kodeki ya mtu. Nikabofya tada. Kimya. Spika nilizijaribu kwenye simu, nzima. Nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, na hapo palikuwa na alama ya manjano ya kuuliza kwenye kifaa cha sauti. Kumbe kuna wakati mtu aliipiga Windows upya na hakuweka draiva ya sauti, na shangazi, ambaye kazi yake ni barua na hesabu, hakupata sababu ya kugundua.

Draiva na kodeki ni vitu viwili, na watu huvichanganya. Draiva ndiyo inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu ya sauti iliyo kwenye bodi. Ikikosekana hakuna kinacholia, hata kile kinachofunguka. Kodeki ikikosekana, vingine vyote vinalia isipokuwa faili la aina ile. Kwa hiyo tada.wav ni kipimo kizuri sana: ikilia, tatizo ni kodeki, isipolia, usiguse kodeki kwanza. Chipu ya mashine hii ni AC'97 ya Realtek, na draiva yake ninayo kwenye diski yangu ya nje ninapoweka draiva za mashine kuukuu zote zilizowahi kupita dukani. Nikaiweka, nikawasha upya, tada ikalia hadi mpiga pasi wa mlango wa pili akachungulia.

Nilipokuwa nimeifungua, nilitoa na RAM nikayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Hewa ya hapa ina chumvi, na meno hayo hufanya ukungu wa kijani usiouona mpaka uelekeze taa. Wenye kompyuta pwani, fanyeni hivyo mara moja kwa mwaka.

Haya, kodeki sasa. Kwa Windows XP njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiongezea Windows kodeki, ili Windows Media Player ileile uliyoizoea iweze kufungua aina mpya. Kuna fungu la kodeki liitwalo K-Lite, na toleo la mwisho linalokubali XP ni 13.8.5, matoleo ya juu yake usihangaike nayo. Ya pili ni kuweka kichezeo kinachokuja na kodeki zake chenyewe, kisichoiomba Windows chochote. Hicho ni VLC, kilichoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, na ni cha bure kabisa. Mimi nachagua VLC karibu kila mara. Fungu la kodeki hujichanganya ndani ya Windows, na ukiweka mafungu mawili yaliyopishana huanza kugombana, halafu hata video zilizokuwa zikicheza zinakataa. VLC inakaa peke yake. Ukiichoka unaitoa na Windows haijui kama ilikuwako.

VLC ya toleo la 3, ile ya biti 32, yaenda kwenye XP, ila yataka Service Pack 3, yaani fungu la tatu la marekebisho ya Windows. Bofya kulia My Computer, chagua Properties, utaona imeandikwa. Ya shangazi ilikuwa Service Pack 2. Faili la Service Pack 3 ni megabaiti 316, nalo ninalo, nikalitia na kuendelea na fotokopi za wanafunzi wakati likijisakinisha. Lilichukua hadi karibu na magharibi.

Nawaomba mfanye kupakua kote huku kwa kompyuta mpya au simu, kisha mhamishe kwa flashi. XP iliachwa na wenyewe tangu tarehe 8 Aprili 2014, haipati tena marekebisho ya usalama, na kisakuzi chake cha asili hata tovuti nyingi za sasa hakizifungui. Msiitie intaneti kutafuta kodeki. Na popote mlipo, ukurasa ukikurukia ukisema "huna kodeki, bofya hapa," ufungeni. Hiyo ni hila ya miaka mingi: wenye virusi walijua mtu mwenye hamu ya kuona au kusikia kitu atabofya lolote. Nimesafisha mashine za watu walioingia mtego huo, na mmoja alipoteza picha zote za harusi ya bintiye.

Mwenye kuchoka na XP anaweza kuweka Linux nyepesi, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na siku hizi jambo hili ni jepesi kuliko zamani. Zamani Linux nyingi zilikuja bila MP3 kwa sababu ya hataza za MP3, yaani haki za waliobuni. Mpango wa leseni za wenyewe, Fraunhofer wa Ujerumani, ulifungwa 2017, na tangu hapo MP3 huja humohumo. Kwa shangazi sikujaribu. Ameshazoea mahali pa kila kitu, na mimi siwezi kumhamishia jiko mtu wa umri ule.

Usiku nikafungua kanda ya kwanza kwa VLC. Kwanza mlio wa kitufe cha kaseti, tak. Halafu baba, kijana kuliko nilivyo mimi leo, akisema, "Haya mama." Halafu bibi.

Sitaeleza zaidi hapo. Nilifunga duka nikasikiliza.

Jumapili nilimpelekea shangazi mashine yake, nikaifunga mahali pake sebuleni, nikamwonyesha alama ya VLC, ile koni ya rangi ya chungwa. Alisikiliza kanda tatu mfululizo bila kusema neno. Ya nne ni ya harusi, wanawake wanaimba na vugo linapigwa. Kwa wasiojua, vugo ni pembe inayogongwa kwa kijiti, nayo hulia mlio mkavu, mkali, unaokata katikati ya sauti za watu wote. Shangazi akainua mkono nisimamishe.

"Hili si vugo, mwanangu. Hili ni debe."

Nikarudisha nyuma. Alisema kweli. Waimbaji walikuwa wanasikika vizuri, lakini kila pembe ilipogongwa palitoka mchakacho, kama mtu anakanyaga mchanga, na mchakacho wenyewe ulianza kidogo kabla ya pigo. Masikio yangu yalikuwa yamelipita hilo usiku kwa furaha ya kusikia chochote.

Nikaangalia ndani ya VLC kwenye habari za kodeki. Kila kanda ilikuwa megabaiti 7 na kitu. Zote 11 hazikufika 80. Binamu alibana kwa kilobiti 16 kwa sekunde. Kwa mtu anayezungumza, Opus kwa kiwango hicho inatosha vizuri. Kwa vugo haitoshi hata kidogo. Kodeki za namna hii hubana kwa kutupa. Zinatupa kile ambacho sikio lisingekisikia: mashua ya injini inapopita forodhani, huyasikii mawimbi yanayogonga ukuta ingawa yapo, basi kodeki huyatupa mawimbi. Ukiibana zaidi, inaanza kutupa unavyovisikia, na sauti nyembamba za juu ndizo za kwanza kwenda. Tena inafanya kazi kwa vipande vifupi vya muda, na kelele inayozaliwa na kubana huenea kipande kizima. Pigo la ghafla likiangukia katikati ya kipande, kelele yake inatangulia mbele ya pigo lenyewe. Ndiyo ule mchanga tuliousikia. Waliotengeneza MP3 Ujerumani walisumbuliwa sana na vitu vya namna hii, na mojawapo ya majaribio yaliyowatesa ilikuwa sauti ya mwanamke anayeimba peke yake bila chombo. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi.

Nilimpigia binamu. "Dada, nilifikiri nikizifanya ndogo hazitawasumbua na bando," akaniambia, na alifikiri kwa mapenzi. Nilimuuliza kama kanda zingali nzima. Zipo. Nikamwomba arekodi upya ile ya nne, kwa FLAC. FLAC nayo hubana, ila haitupi kitu. Ukiifungua unapata kila kipimo kama kilivyoingia. Gharama yake ni ukubwa: ya nne peke yake imekuwa megabaiti 170, zaidi ya mara mbili ya kanda zote 11 za mwanzo. Niliipakua usiku bando la usiku likiwa rahisi.

Kuna jambo nililikataa hapa kati. Shangazi ana redio ndogo yenye tundu la flashi, ya kusikilizia jikoni, na hiyo inajua MP3 tu. Alitaka nizigeuze zote kuwa MP3, nifute zile za kwanza zisimchanganye. Kugeuza niligeuza, kwa laptopu ya dukani, kwa amri ya ffmpeg, programu ya kugeuzia mafaili ya sauti na video:

ffmpeg -i kanda01.opus -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k kanda01.mp3

Hiyo -ar 44100 naiweka kwa sababu redio za bei rahisi nyingine hugoma kwa kipimo cha 48,000 ambacho Opus hutoa. Lakini kufuta nilikataa, nikamweleza kwa kazi yangu ya kila siku. Mtu akiniletea cheti halisi nikakipiga fotokopi, kinasomeka. Akiileta ile fotokopi mwaka ujao nikapiga fotokopi yake, muhuri unaanza kuwa doa. Faili lililobanwa likibanwa tena kwa njia nyingine hupoteza vivyo hivyo, na hakuna programu ya kurudisha kilichotupwa. Basi MP3 ni za jikoni, Opus na FLAC zimekaa kwenye folda yao, na nakala nyingine iko dukani kwangu na nyingine Muscat. "Hapo nimekufahamu," akasema shangazi, na hakulirudia tena suala la kufuta.

Lile faili dogo la AMR lilicheza kwenye VLC bila taabu. Ni bibi, mwaka wake wa mwisho, amerekodiwa kwa simu ya mtu. Anauliza kama samaki wameletwa. Dakika tatu, sauti nyembamba kama ya kwenye simu kwa sababu ndivyo ilivyohifadhiwa, na hakuna FLAC ya kuombea tena.

Jana nilikwenda na kanda ya nne mpya. Shangazi alikuwa ameketi dakani na jirani zake wawili, akaniita niingie, "Ndoo ndani, ndoo," nao wakaingia pamoja nasi. Nikachomeka flashi, nikabofya. Mlio wa kitufe, watu wanacheka, mtoto analia mbali, kisha pembe ikagongwa mara tatu, kavu, kila pigo limekatika lilipotakiwa kukatika.

Shangazi alifumba macho. Zilikuwa pembe zaidi ya moja, mimi nilisikia mlio mmoja tu wenye nguvu. Alingoja mzunguko wa pili wa wimbo, akanyoosha kidole kuelekea spika ya kushoto, kama mtu anayemwonyesha mtu aliyesimama mlangoni.

"Huo ni mkono wa mama," akasema. "Yeye huchelewa kidogo. Sikiliza, hapo. Na hapo."